Giaboksi ya gari la dragi lenye hosipawa nyingi: jinsi ya kuchagua isiyovunjika

Swali linarudi kila msimu wa dragi, zile mbio fupi za mstari mnyooka, na linakuja vile vile: "Nina injini ya hosipawa 1000, nifunge giaboksi gani?" Watu wanajibu majina chungu nzima, kila mtu anatetea ile aliyofunga yeye, na aliyeuliza anaondoka amechanganyikiwa kuliko alivyokuja. Nimeona niandike hatua zote sehemu moja. Soma mpaka chini kabla hujatoa hela, manake hatua ya kwanza na ya sita ndo zinazorukwa sana na ndo zinazoua magiaboksi.

Kabla ya yote shika hili: giaboksi haiuliwi na namba ya hosipawa, inauliwa na mshtuko. Ule wakati unaachia breki, tairi zinashika lami, gari ni zito halitaki kuondoka na injini inasukuma kwa nguvu zote, hapo ndo shafti inakatika na ganda linapasuka. Gari la kilo 900 lenye hosipawa 1000 linaweza kukaa miaka na giaboksi ile ile ambayo gari la kilo 1700 lenye hosipawa 700 na tairi kubwa laini litaivunja mapema kabisa. Kwa hiyo mtu akikwambia "hii inabeba hosipawa 1500", muulize kwenye gari la uzito gani, tairi gani, na inaondoka vipi. Akikosa jibu, hiyo namba haikusaidii kitu.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Uzito wa gari ukiwa umekaa ndani na mafuta yamo. Pima kwenye mizani, usikisie.
- Grafu ya daino (mashine ya kupimia nguvu ya injini) inayoonyesha torki, yaani nguvu ya kuzungusha, na hosipawa kwa kila RPM (mizunguko ya injini kwa dakika), sio ile namba ya juu peke yake.
- Kipenyo cha tairi za nyuma na reshio ya difu.
- Umbali unaokimbia: mita 201 au mita 402.
- Injini inapumua vipi: kawaida, turbo, supachaja au naitrasi.
- Jibu la kweli la swali hili: gari litatembea barabarani au ni la uwanjani tu?
- Kitabu cha sheria za uwanja au chama unachokimbia nacho.
- Bajeti ambayo ndani yake kuna konvata (kile kikombe chenye oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi ya oto), kipoza oili, fleksipleti (sahani inayounganisha injini na konvata), shifta na propela. Wengi wanaweka hela ya giaboksi tupu halafu konvata wanaokota popote.

Hatua kwa hatua

1. Piga hesabu ya torki inayoingia kwenye giaboksi.
Chukua hosipawa, zidisha kwa 7121, gawa kwa RPM, unapata torki kwa Nm. Hosipawa 1000 kwenye RPM 7000 ni kama Nm 1017. Hosipawa hizo hizo 1000 kwenye RPM 9000 ni Nm 791 tu, ndo maana injini ndogo inayozunguka sana ni rafiki kwa giaboksi na injini kubwa yenye torki ya chini ni adui.

Sasa kama unatumia oto, konvata inazidisha torki wakati wa kuondoka, chukua mara 2 kwa hesabu ya haraka. Nm 1017 inakuwa 2034 kwenye shafti ya kuingilia. Ukiwa na gia ya kwanza ya 2.48 propela inapokea kama Nm 5044, ukiwa na gia ya kwanza ya 1.76 inapokea kama Nm 3580. Ona tofauti hiyo, na injini haijabadilika hata kidogo. Tairi ikiteleza huo mzigo haufiki wote, ikishika unafika, na hapo unaelewa kwa nini gari lililokuwa salama na tairi za kawaida linaanza kuvunja vitu siku ya kwanza ukifunga tairi laini za mbio.

2. Amua: oto au manyuali.
Kwa anayeanza na hosipawa nyingi mimi nasema oto bila kuzunguka. Konvata ni mafuta, inameza sehemu ya mshtuko, gia zinabadilika bila nguvu kukatika, na gari linarudia muda ule ule mbio baada ya mbio. Manyuali inaweza kuwa na kasi sana, hilo halina ubishi, lakini utalipia kwenye klachi, kwenye difu na kwenye shafti za magurudumu.

Ukitaka manyuali, ile ya kiwandani yenye singo (ringi zinazolinganisha kasi ya gia kabla hazijaingiana) ina kikomo na kikomo hicho kipo karibu kuliko unavyodhani. Tremec Magnum ya gia sita imepewa kiwango cha takriban Nm 950, na Getrag V160 ya Toyota Supra A80 imejijengea jina zuri, ila zote mbili hazikutengenezwa kwa ajili ya kudondosha klachi kwenye RPM 7000 na tairi za mbio. Ukivuka hapo unahamia gia za dogi, za H (shifta ya kawaida) au za sikwensho (unasukuma au kuvuta gia moja moja kwa mpangilio), ambazo meno yake makubwa yanaingiana bila singo. Zina kelele, zinataka ubadilishe gia kwa nguvu na kwa haraka, ukibembeleza unazila kona za dogi. Kuna pia Lenco, ambayo kila gia ni seti yake ya planetari (gia ndogo zinazoizunguka gia ya katikati) kwenye kesi yake, unatumia klachi kuondokea tu. Hiyo ni ya watu wenye timu na muda wa kufungua mara kwa mara.

Na kwa wale wanaouliza magari ya Top Fuel, lile daraja la juu kabisa la dragi, yanatumia giaboksi gani: hayana gia za kubadilisha. Yana klachi ya pleti nyingi inayojifunga kwa awamu, na kifaa cha kurudi nyuma, basi. Usichukue mfano pale.

3. Amua idadi ya gia.
Gia mbili, tatu, au zaidi? Angalia uzito na upana wa nguvu ya injini. Gari jepesi lenye nguvu nyingi halihitaji gia ya kwanza kubwa, litazungusha tairi tu, gia mbili zinatosha. Gari zito, au injini ndogo yenye turbo kubwa inayochelewa kuamka, inataka tatu ili RPM isianguke sana.

Mfano ukibadilisha gia kwenye RPM 7500 (hizi giaboksi mbili nimezieleza hatua ya 4): Powerglide yenye 1.76 inakuangusha mpaka kama 4260 kwa hesabu kavu, ingawa konvata iliyotengenezwa vizuri itazishikilia RPM juu zaidi ya hapo. TH400 inakuangusha mpaka kama 4475 kwenda ya pili, halafu 5070 kwenda ya tatu, na umeanza na gia ya kwanza fupi zaidi. Turbo inayolala ukiwa chini ya 5000 itakushukuru kwa hiyo gia ya tatu.

4. Chagua familia.

*Powerglide* ya GM. Gia mbili, ilianza 1950, yenye ganda la aluminiamu ikaja 1962. Nyepesi, vitu vinavyozunguka ndani ni vichache kwa hiyo inakula nguvu kidogo. Ganda la zamani la kiwandani ni dhaifu kwa hosipawa kubwa, lakini leo unaweza kujenga Powerglide nzima bila kipande hata kimoja cha GM. Kwa gari jepesi la uwanjani tu, anza kuangalia hapa.

*TH400* ya GM. Gia tatu, 2.48, 1.48 na 1.00, ilitoka 1964. Ilibeba magari mazito sana, hata Rolls-Royce Silver Shadow na Ferrari 400 zilifungwa hii. Ni nzito na drami yake kubwa inakula nguvu kuizungusha, ila kwa gari zito lenye turbo hii ndo chaguo langu la kwanza, na wenye injini ya 2JZ ya Toyota wanaifunga kwa adapta kila leo. Spea zipo za kila kiwango.

*TH350* na *Ford C4*: nyepesi, nzuri kwa nguvu za kati, zinajengeka, lakini ukishapita hosipawa elfu kwenye gari zito unapigana na ukubwa wa vitu vya ndani. *Ford C6* ni imara ila nzito na inakula nguvu.

*TorqueFlite 727* ya Chrysler: imara, ila ina hatari ambayo lazima uijue. Ukichoma tairi kwenye gia ya kwanza, halafu ile klachi ya upande mmoja ya nyuma ikaachia, drami ya mbele inaweza kuzunguka zaidi ya mara mbili ya kasi ya injini na kulipuka. Vipande vinapita kwenye sakafu kuja kwa dereva. Ukiitumia, funga drami ya chuma imara, klachi ya upande mmoja iliyofungwa kwa bolti, na ngao.

*4L80E*: ni mtoto wa TH400 aliyeongezewa gia ya nne ya 0.75 na umeme, kuanzia 1991. Gari linaloenda uwanjani kwa magurudumu yake lenyewe, likimbie, lirudi nyumbani, hii ndo naipendekeza bila kusita. Inataka kompyuta yake, ihesabu kwenye bajeti.

*ZF 8HP*: gia nane, inabadilisha haraka ajabu. Dodge Challenger SRT Demon ya 2018, hosipawa 840, ilitoka kiwandani na 8HP90 yenye transibreki (nimeieleza hatua ya 7). Giaboksi yenyewe ni kali, kazi ipo kwenye programu, kwa hiyo usiinunue kabla hujapata mtu wa kuitengenezea programu.

*GR6* ya Nissan GT-R R35: klachi mbili, ipo nyuma pamoja na difu. Iliyojengwa upya inabeba nguvu za ajabu, ila ni ya GT-R. Kuihamishia gari lingine sio kazi ya anayeanza.

5. Uliza kilichomo ndani, sio jina.
"TH400 imejengwa" haina maana yoyote mpaka uone orodha ya vilivyobadilishwa. Uliza shafti ya kuingilia ni chuma gani, kwa nguvu kubwa unataka 300M au Vasco, ambavyo ni vyuma vigumu vya mbio. Uliza idadi ya pleti za klachi za gia ya juu. Uliza drami ni ya kiwandani au imechongwa kwenye chuma kizima, na kwa TH400 uliza spragi, ile klachi ya upande mmoja: ya kiwandani ilikuwa na vipande 16, ya mbio inakuja na 34 kwa hiyo mzigo unagawanyika zaidi. Uliza seti ya planetari ni ya meno gani na pampu imefanyiwa nini. Fundi mzuri atakujibu hivi vyote kwa simu bila kukasirika, na atakuuliza uzito wa gari lako kabla hujamwambia. Asiyeuliza uzito, mwache.

6. Konvata. Hapa tulia kabisa.
Konvata mbaya inaharibu giaboksi nzuri, nyie mnaofunga TH400 ya bei kubwa na konvata ya kuokota mnajiumiza bure. Stoli, yaani RPM ambayo konvata inashikilia gari likiwa limezuiwa, inatakiwa ikae karibu na pale torki ya injini yako ilipo juu. Na stoli sio namba ya konvata peke yake, konvata ile ile ikifungwa kwenye injini yenye torki zaidi stoli inapanda. Ndo maana unampelekea mtengenezaji ile orodha yako yote ya mwanzo pamoja na saizi ya turbo, badala ya kusema "nipe ya 4500".

Kwa nguvu kubwa hakikisha ina pleti za kuzuia kuvimba. Konvata inayovimba inasukuma krenki kwa mbele na kumaliza beringi za msukumo za injini, halafu unalaumu injini.

Jinsi ya kujua kama inateleza sana: chukua kasi ya mwisho kwa km/h, zidisha kwa reshio ya difu, gawa kwa 0.1885, gawa tena kwa kipenyo cha tairi kwa mita. Hiyo ndo RPM ambayo ingekuwepo bila kuteleza, ukiwa gia ya 1.00. Mfano 270 km/h, difu 3.5, tairi mita 0.71, inakuja kama 7060. Injini ilikuwa 7500? Basi umeteleza kama asilimia 6, hiyo ni nzuri. Ukipita asilimia 10 konvata imelegea kwa gari lako, unapasha oili joto badala ya kusukuma gari. Kumbuka tairi za mbio zinakua kipenyo zikizunguka kwa kasi, kwa hiyo tumia kipenyo cha mwendoni kama unakijua.

7. Valvu bodi na transibreki.
Valvu bodi ndo inayoelekeza oili kubadilisha gia. Kwa uwanjani chukua ya manyuali kamili, gia inabadilika ukiibadilisha wewe tu. Transibreki inashika gia ya mbele na rivasi kwa pamoja, gari linaganda, unajenga busti (presha ya turbo), unaachia kitufe linaondoka. Inafanya kila kuondoka kufanane, ila ndo mshtuko mkubwa kuliko wote, kwa hiyo usiweke transibreki kwenye shafti za kiwandani.

8. Oili na joto.
Funga kipoza oili kikubwa chenye feni na geji ya joto, weka sampu (beseni la oili la chini) ya kina na filta iliyoshushwa chini. Gari likiondoka kwa nguvu oili yote inakimbilia nyuma, filta iliyo juu inavuta hewa na presha inaanguka pale pale unapoihitaji. Lenga nyuzi 70 mpaka 90 kabla ya kukimbia, ikigonga 120 zima upoe. Weka na geji ya presha, giaboksi nyingi za mbio zinaendeshwa kwa psi 180 kwenda juu, fuata namba ya aliyeijenga.

9. Usalama.
SFI ni viwango vya usalama vya vifaa vya mbio. Ngao ya giaboksi ya SFI 4.1, fleksipleti ya SFI 29.1, na kwa manyuali belihauzing (ganda la mbele la giaboksi linalofungwa kwenye injini) ya chuma ya familia ya SFI 6 pamoja na klachi na flaiwili za SFI 1. Shifta iwe na kizuizi cha rivasi. Propela iwe na kitanzi cha kuishika ikikatika. Sheria zinaangalia muda na kasi yako, soma kitabu chako, lakini kwa hosipawa za namna hii funga hata kama hawajakulazimisha. Miguu yako ipo pale pale pembeni ya giaboksi.

10. Kufunga.
Mimina oili kwenye konvata kwanza. Isukume huku unaizungusha mpaka ikae ndani ya pampu kabisa, utasikia inaingia kwa awamu. Bana belihauzing kwenye injini, halafu pima nafasi kati ya konvata na fleksipleti: iwe mm 3 mpaka 5. Kama hakuna nafasi, SIMAMA, haijakaa. Ukikaza bolti kwa kulazimisha umeua pampu kabla ya kuwasha. Hakikisha na zile pini mbili za kuelekeza zipo nyuma ya injini, zikikosekana giaboksi inakaa kombo na bushi ya pampu haidumu.

Mbio za kwanza ondoka kwa RPM ya chini, rudi, angalia oili, ongeza kidogo kidogo.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kuchoma tairi kwenye gia ya kwanza mpaka lami kavu. Panda gia ukiwa bado kwenye maji, na usiingie kwenye sehemu kavu huku tairi zinazunguka kasi.

Kushusha gia baada ya mstari wa mwisho. Ondoa mguu, iache gia ya juu, tumia breki na parashuti. Usiitupe nyutro pia ukiwa mwendo mkali.

Kuimarisha giaboksi na kuacha difu na shafti za kiwandani. Mshtuko unahamia kwenye kipande dhaifu kinachofuata.

Kuacha gari linaruka ruka nyuma likiondoka. Ule mdundo wa tairi unapiga giaboksi nyundo mfululizo, rekebisha sasipensheni kabla hujaagiza giaboksi nyingine.

Ikisumbua

*Gari linasogea ukiwa umeshika transibreki:* pima volti kwenye solenoidi injini ikiwa inafanya kazi, sio imezima. Waya mwembamba na rileyi mbovu ndo sababu ya kawaida. Kama volti ni nzuri, klachi ya rivasi imechoka au presha ni ndogo.

*RPM zinaruka juu kati ya gia:* cheki kiwango cha oili kwanza, halafu presha. Vyote vikiwa sawa, pleti zimeungua.

*Oili inatoka kwenye brida (tundu la giaboksi la kupumulia):* umejaza kupita kiasi au joto limezidi. Kiwango pima injini ikiwa inazunguka na oili ikiwa ya moto. Ikiendelea, peleka mpira wa brida kwenye chupa ya kukusanyia, oili chini ya tairi zako ni ajali.

*Mluzi wakati wa kuondoka:* pampu inavuta hewa. Oili ipo chini, au filta haijafika chini ya sampu, au sili ya filta imekaa vibaya.

*Injini inazunguka sana mwishoni lakini kasi ni ndogo:* rudi hatua ya 6, piga ile hesabu ya kuteleza.

*Sili ya mbele inavuja tena na tena:* usibadilishe sili tu. Angalia pini za kuelekeza, bushi ya pampu, na kama shingo ya konvata inazunguka sawa bila kuyumba.

*Unafungua sampu unakuta uchafu:* vumbi jeusi kidogo ni pleti, kawaida. Vipande vya rangi ya shaba ni bushi, panga kuifungua karibuni. Vipande vya chuma vinavyoshika sumaku na vina kona kali, usiwashe tena hata kuipakia kwenye trela, isukume kwa mikono, na ukiifungua safisha kipoza na mabomba yote au yabadilishe, manake chuma kilichobaki kwenye kipoza kitaingia kwenye giaboksi mpya siku ya kwanza tu.